Kumpinga Ibilisi bila Kumwinda Jirani: Fundisho la Vita vya Kiroho katika Makanisa ya Mwanza na Mwambao wa Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Mkristo wa Mwanza anapoambiwa kwamba yumo vitani, hashangai. Kabla hajafundishwa katekisimu alikwisha kujua nyumbani kwamba maradhi, utasa, ng'ombe wanaokufa mfululizo na nyavu zinazorudi tupu huenda vikawa na mkono wa mtu nyuma yake. Kwa hiyo mahubiri ya vita vya kiroho yanayosikika Igoma, Buhongwa, Kirumba na katika makambi ya wavuvi visiwani huangukia udongo ambao ulikwisha kulimwa. Makala hii inafafanua dhana ya kumpinga Ibilisi kama inavyotumika katika mazingira hayo. Hoja yake ni kwamba fundisho hili linaweza kumweka muumini huru au likamponza bibi kizee asiye na hatia, na kwamba linaloamua ni jibu linalotolewa kwa swali moja: adui ni nani?

2.0 Majina ya adui

Lugha yenyewe imechangia utata. Neno la Kiebrania lililotupatia jina Shetani lina maana ya mpinzani, na katika kitabu cha Ayubu linamtaja anayesimama mbele ya Mungu kumshitaki mwenye haki. Neno la Kiyunani *diabolos*, ambalo wataalamu wengi wanaliona kuwa asili ya jina Ibilisi lililotufikia kupitia Kiarabu, maana yake ni msingiziaji. Waraka wa kwanza wa Petro unamwita mshitaki, na Ufunuo sura ya 12 unamweleza kuwa ndiye anayewashitaki ndugu mchana na usiku. Majina yote haya ni ya barazani na mahakamani. Adui anayezungumzwa ni yule anayeharibu kwa maneno, anayetia mtu hatiani kwa uongo.

Katika Kiswahili cha kila siku, hata hivyo, shetani ana wingi. Mashetani hupanda kichwani, hudai kitambaa au manukato, hutulizwa kwa ngoma, na si lazima wawe waovu. Nao Wasukuma wana masamva, yaani mizimu ya wahenga, ambao huadhibu wakisahauliwa na hubariki wakikumbukwa. Mhubiri anaposema "shetani" bila kufafanua, msikilizaji hukusanya vyote hivyo pamoja na uchawi, *bulogi*, katika kapu moja. Mzimu wa babu, pepo wa pwani na jirani mwenye kijicho huwa jeshi moja. Huku si kutafsiri Injili. Ni kuongeza idadi ya maadui.

3.0 Usukuma na swali la "nani?"

Simeon Mesaki, katika tasnifu yake ya mwaka 1993 na maandishi yaliyofuata, ameonyesha uzito wa jambo hili. Takwimu za serikali alizozichambua zinataja watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984. Kati yao wanawake walikuwa 2,286 na wanaume 1,407, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea Usukuma. Mesaki anahusisha ongezeko hilo, pamoja na sababu nyingine, na kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo kaya za Wasukuma zilitawanyika, na aliyemshuku jirani yake aliweza kuhama. Vijiji vilipoundwa, washukiwa na washukiaji walipangwa mstari mmoja wa nyumba.

Mwathirika wa kawaida alikuwa mwanamke mzee, mara nyingi mjane mwenye kipande cha ardhi. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Wekundu huo hutokana na miaka mingi ya kupikia kuni na samadi katika chumba kisicho na dirisha, ndiyo maana baadhi ya juhudi za kuwalinda wazee katika eneo hili zilianza na majiko yasiyotoa moshi mwingi. Mtafiti wa teolojia angefaa kuutafakari ukweli huo kwa muda mrefu kidogo, kwa maana jiko bora lilimpinga msingiziaji mahali ambapo mahubiri mengi hayakufika. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yakaongezeka mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa hii, yaliyoendeshwa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri katika migodi na uvuvi.

Mlolongo wa tuhuma ulikuwa na hatua zake. Mtu hupatwa na msiba. Huenda kwa mganga, *nfumu*. Mganga hupiga ramli. Hutoka jina, au maelezo yanayotosha kumfikisha mteja kwenye jina. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 imejaribu kuukata mlolongo huo kwa kumhesabu kuwa mkosaji hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi nje ya vyombo vinavyohusika. Serikali nayo ilitangaza kuwazuia waganga mwaka 2009, na tena mwaka 2015. Lakini sheria haijibu swali la mama aliyezika watoto wawili.

4.0 Ukombozi: nguvu yake na hatari yake

Hapa ndipo makanisa yanapoingia. Ukristo ulifika mwambao wa kusini mwa ziwa mwaka 1877 pamoja na wamisionari wa CMS waliotua Kagei, wakafuatwa mwaka 1878 na Mapadre Weupe. Kwa sehemu kubwa wamisionari waliuona uchawi kuwa ujinga utakaoondoka shule zikiongezeka. Haukuondoka. Kanisa lililoicheka hofu ya waumini wake liliwafundisha tu kuificha: Jumapili ibadani, Jumatatu usiku kwa mganga. Wahubiri wa ukombozi wanastahili sifa kwa kuitoa hofu hiyo gizani. Wanamwekea mikono aliyeogopa, wanakesha naye, wanamwambia kwamba Kristo ana uwezo kuliko hirizi.

Tatizo linaanza pale mhubiri anapochukua kiti cha mganga bila kuibadili kazi yake. Akitangaza kwamba "kuna mama mmoja katika ukoo wako anayekufunga," amepiga ramli, hata kama ameshika Biblia. Mteja ametoka na jina, au na maelezo yanayotosha. Mafuta ya upako yamechukua nafasi ya dawa, sadaka imechukua nafasi ya kuku, na mlolongo ni uleule.

Linganisha na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini, Rwanda, na kufika Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa hilihili, mwishoni mwa miaka ya 1930. Walokole nao waliamini Ibilisi yupo. Lakini aliyesimama kushuhudia alitaja dhambi zake mwenyewe: fedha alizoiba, mke aliyempiga, chuki aliyoificha. Walikuwa na makosa yao, na kuungama hadharani kulizaa kiburi cha namna yake. Hata hivyo kidole kilielekea kifuani pa mwenye kusema. Kanisa Katoliki limeweka kinga ya aina nyingine: kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inamkataza padre kupunga pepo bila ruhusa maalumu ya askofu wake. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa urasimu unaomchelewesha mgonjwa. Kwa maoni ya mwandishi, mahali ambapo neno la mhubiri linaweza kuchomesha nyumba, kuchelewa kidogo ni rehema.

5.0 Kupinga kunavyofanyika

Kitenzi cha Kiyunani kinachotafsiriwa "kupinga" katika Yakobo 4:7, 1 Petro 5:9 na Waefeso 6:13 ni kimoja, nacho kinabeba picha ya kusimama imara dhidi ya anayesukuma. Hakimwagizi muumini kusaka wala kufichua. Yakobo anakitanguliza kwa amri ya kumtii Mungu, na mistari inayofuata inazungumzia mikono michafu na mioyo yenye nia mbili, kisha mstari wa 11 unakataza ndugu kusingiziana. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati, ikiwa jina la adui ni msingiziaji. Paulo naye anakataa waziwazi kwamba mshindani wetu ni mwanadamu; na silaha anazozitaja, kuanzia kweli, haki na utayari wa amani, haziwezi kutumika kumtafutia mtu hatia.

Kichungaji, maana yake ni kwamba mchungaji anayeombea mgonjwa Magu au Sengerema anaweza kuikubali hofu yake yote, akaomba naye kwa jina la Yesu, akampeleka hospitali, na bado akakataa kumjibu anapouliza nani amemroga. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza swali la aina hiyo kuhusu kipofu, wakitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yesu hakuwapa jina. Alitengeneza tope kwa mate, akampaka yule mtu machoni, akamtuma akanawe.

Ugumu uliobaki ni kwamba mchungaji wa namna hiyo hupoteza waumini, maana ng'ambo ya barabara yupo mwenye kipaza sauti anayetoa majina. Ni hapo kwenye ushindani huo ndipo utafiti wa uwandani unapohitajika zaidi: si kuhesabu wangapi wanaamini uchawi, bali kufuatilia mgonjwa mmoja kutoka kwa mganga hadi madhabahuni na kusikiliza, katika kila kituo, kama kuna jina lililotamkwa.