Kabla ya keki, pima presha

UKITAKA kujua jinsi mtu anavyoutunza mwili wake, usimwulize anavyoishi Jumatatu. Mwulize alivyoutumia mwisho wa juma. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa wengi wetu tunaendeshwa na saa ya mwajiri. Tunarauka alfajiri kuiwahi matatu, tunakula kilichopo, na jioni tunarudi nyumbani tukiwa hoi. Jumamosi na Jumapili ndizo siku tunazojichagulia wenyewe la kufanya. Nami, nikiwa daktari wa kawaida anayetibu wakubwa kwa wadogo, nimeona kwamba mengi yanayowaleta watu kwangu Jumatatu asubuhi yalipandwa katika siku hizo mbili.

Nayaandika haya kwa sababu ambayo huenda ikakuchekesha. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitatimiza miaka 50. Watoto wameanza kunong'onezana jikoni juu ya keki na wageni, wakidhani sisikii.

Wazazi wetu hawakuwa na desturi hii. Wengi wa rika lao walizaliwa nyumbani bila cheti, wakaambiwa tu kwamba walizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa. Walipokwenda kuchukua vitambulisho waliandikiwa Januari 1, na ndiyo maana nchi hii ina wazee wengi ajabu "waliozaliwa" siku moja. Sisi tunazo tarehe kamili. Swali ni je, tunazitumia kwa lipi?

Jibu langu ni fupi: siku ya kuzaliwa iwe ndiyo siku ya kupimwa. Ni tarehe ambayo huwezi kuisahau, na hata ukiisahau, jamaa zako watakukumbusha.

ADUI ASIYEBISHA HODI

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, ni mvua inayonyesha bila wingu. Haliumi wala haliwashi, na mara nyingi halileti hata hayo maumivu ya kichwa ambayo watu huyangojea. Mtu anaweza kukaa nalo miaka kumi huku likiidhuru mishipa ya damu, moyo, figo na macho yake polepole.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha ya juu. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani mwao.

Hata hivyo, kupimwa pekee hakutoshi. Namkumbuka mgonjwa wangu mmoja, mwalimu wa makamo, aliyekuwa amemeza dawa zake vizuri kwa miaka miwili. Desemba ilipofika alifunga safari kwenda kwao mashambani kwa mapumziko ya majuma matatu. Dawa zilibaki Nairobi juu ya kabati. Hakuona haja ya kutafuta nyingine kwa kuwa, kama alivyomwambia mkewe, alikuwa mzima kama kigongo, tena huko nyumbani hakukuwa na mawazo ya kumpandisha presha.

Siku ya kumi na mbili aliamka mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Kilikuwa kiharusi. Leo anatembea kwa mkongojo na anazungumza kwa shida, lakini ualimu wake uliishia pale. Aliyenisimulia habari za dawa zilizosahauliwa ni mkewe. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kando yake akitikisa kichwa.

Nakusimulia kisa hiki, msomaji, kwa kuwa kila Desemba na kila Pasaka hali hii hujirudia katika nyumba nyingi. Dawa ya presha haiondoi ugonjwa, bali huushika usikue. Ukijihisi mzima, jua kwamba huenda dawa ndiyo inayofanya kazi yake. Mwili hauna mapumziko ya Krismasi, na presha haijui kwamba leo ni Jumapili.

DAWA ZISAFIRI NAWE

Ukipanga safari, dawa ziwe kitu cha kwanza kutiwa katika mkoba, nao uwe ule mkoba unaoushika mkononi. Usizitie katika sanduku linalopakiwa chini ya basi, kwa maana sanduku likipotea au likichelewa, zimekwenda nalo. Chukua za siku zote utakazokaa, kisha uongeze za juma moja zaidi, maana safari zetu hazitabiriki. Aidha, andika majina ya dawa na vipimo vyake katika kipande cha karatasi ukiweke pamoja na kitambulisho chako.

Kuna wagonjwa ambao hupewa dawa zinazowakojoza mara kwa mara. Najua wengi wao huiruka siku ya safari, wakiogopa kumwomba dereva asimame njiani. Usiamue jambo hilo peke yako. Mwulize daktari wako kama waweza kuimeza baada ya kufika badala ya kuiacha kabisa. Halikadhalika, kuna wanaokataa kunywa maji kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita karibu 480, kwa hofu hiyo hiyo. Joto likiwakuta Voi, wanashuka wakiwa na kizunguzungu.

Kuketi mahali pamoja kwa saa nyingi nako kuna hatari yake. Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kwamba kusafiri kwa saa nne au zaidi bila kunyanyuka huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Hatari yenyewe bado ni ndogo, kiasi cha msafiri mmoja kati ya 6,000, lakini ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mnene kupita kiasi, au anayetumia aina fulani za tembe za kupanga uzazi. Basi likisimama, shuka utembee. Ndani ya treni, simama kila baada ya muda. Likiwa haliwezekani hilo, kunja na kukunjua vifundo vya miguu ukiwa kitini. Ukifika, kisha mguu mmoja ukavimba na kuuma, au ghafla ukakosa pumzi, nenda hospitali mara moja.

Jambo la mwisho kuhusu safari ni malaria. Mtu aliyeishi Nairobi miaka mingi hupoteza kinga aliyokuwa nayo utotoni. Akienda kwao kandokando ya Ziwa Viktoria, mbu humpokea kama mgeni. Lala ndani ya neti, na ukipata homa katika majuma yanayofuata safari, mwambie daktari ulikotoka hata kama hajakuuliza.

NYAMA, KINYWAJI NA USINGIZI

Sasa turejee mjini. Sikatazi nyama choma, nami naila. Lakini tazama ule ubao wa nyama unapoletwa mezani. Pembeni pana rundo la chumvi, na kila kipande huchovywa humo kabla ya kuingia kinywani. Chumvi inayomtosha mtu mzima kwa siku nzima haifiki gramu tano, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyopikiwa chakula. Ubao mmoja waweza kuimaliza yote. Agiza kachumbari isiyo na chumvi, uongeze pilipili na ndimu, na ulimi wako utazoea baada ya majuma machache.

Kuhusu pombe, kuna wanaojisifu kwamba hawaonji hata tone kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Kisha Ijumaa jioni hufidia siku zote nne. Mwaka wa 1978 madaktari nchini Marekani waliandika juu ya wagonjwa waliofika hospitalini baada ya mwisho wa juma au sikukuu, mioyo ikidunda ovyo ovyo baada ya kunywa sana. Wakauita ugonjwa huo moyo wa sikukuu. Wengine hupona pombe ikiwatoka, lakini mdundo huo mbaya waweza kufanya damu igande ndani ya moyo, na tone lililoganda likipanda kwenye ubongo, ni kiharusi.

Usingizi nao ni deni. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku. Anayelala saa tano siku tano za kazi huamka Jumapili saa tano za asubuhi akidhani amelipa. Deni halilipwi lote hivyo, na usiku wa Jumapili usingizi humkimbia, akaianza Jumatatu akiwa amechoka.

Lakini habari za mwisho wa juma si mbaya zote. Tunashauriwa kufanya mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa juma. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba hata wale wanaozitimiza katika siku moja au mbili hunufaika mioyoni mwao. Basi ukikosa nafasi siku za kazi, Jumamosi na Jumapili ni zako. Anza taratibu, hasa ikiwa umepita miaka 40.

GAZETI LIKISOGEZWA MBALI

Raha yangu ya Jumapili alasiri ni kusoma. Juzi nilichukua riwaya ya Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996 nilipokuwa mwanafunzi. Nilitaka tena kufuatana na Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale. Siku zile niliisoma kwa mwanga wa taa hafifu bila shida. Sasa herufi zilikuwa kama siafu mpaka nilipovaa miwani.

Ikiwa nawe umeanza kulisogeza gazeti hili mbali na uso ili usome vizuri, usiogope. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vilivyo karibu. Si kusoma kulikoleta hali hiyo, na miwani haiyaharibu macho zaidi. Ni umri tu.

Tahadhari yangu ni moja. Miwani inayouzwa barabarani yaweza kukurudishia herufi, lakini haiwezi kukuambia kama una glakoma, ambayo ni presha ya macho. Hiyo nayo mara nyingi haina maumivu, na uoni inaouchukua haurudi. Sukari mwilini nayo huharibu sehemu ya nyuma ya jicho kimyakimya. Kwa hivyo mwache mtaalamu ayapime macho yako kabla ya kununua miwani, hasa kama mzazi au ndugu yako aliwahi kupofuka.

ZAWADI UNAYOWEZA KUJIPA

Siku yako ya kuzaliwa ikikaribia, fanya haya. Kwanza, pima presha. Keti kwa utulivu dakika tano, uwe umekwenda haja ndogo, usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita, na usizungumze mkanda ukiwa mkononi. Nambari za chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena, kwa maana kipimo kimoja hakitoshi kumfanya mtu mgonjwa.

Pili, pima sukari kabla ya kula asubuhi. Ikiwa chini ya 6.1 ni sawa, lakini ikifika 7 na kurudia hivyo siku nyingine, huo ni ugonjwa wa kisukari. Tatu, akina mama waulizie uchunguzi wa saratani ya mlango wa uzazi na ya matiti. Akina baba nao wazungumze na daktari juu ya tezi dume, bila kungoja mkojo uanze kuwasumbua.

Usiseme huna pesa. Kupima presha ni kazi ya dakika chache katika zahanati yoyote, na tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii walikabidhiwa mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari, ili wawapime watu majumbani mwao. Mwulize anayehudumu katika mtaa wako.

Na kama wazazi wako bado wako hai, wao ndio wa kuanza nao. Unapokwenda kuwasalimu mwishoni mwa mwezi na mkate na sukari garini, waulize dawa zao ziko wapi na zimebaki ngapi. Zihesabu kwa mkono wako. Huenda ukakuta mama anazigawa nusu nusu ili zimfikishe mwisho wa mwezi, naye hakutaka kukusumbua kwa kukwambia. Wale ambao kitambulisho chao kinasema Januari 1 wasiachwe nyuma. Tarehe hiyo yaweza isiwe ya kweli, lakini kwa kupimiwa presha inafaa kama nyingine yoyote.