Mfuko Mmoja wa Salfa Hutosha Mikorosho Mingapi?

Ndugu mkulima wa Lukuledi, na wewe uliyeko huko juu Newala, leo shika kalamu na karatasi. Kama huna, kijiti na mchanga vinatosha.

Salfa ya unga huja katika mfuko wa kilo 25. Mkorosho mkubwa hupewa gramu 250 kwa mzunguko mmoja. Hesabu za namna hii anzia kwenye kimoja. Mti mmoja ni robo kilo. Basi kilo moja ni miti 4, na mfuko mzima ni miti 100.

Haya, wewe una miti 140. Wako wanaonunua mfuko mmoja wakautandaza shamba zima. Gawanya gramu 25,000 kwa miti 140: kila mti unapata kama gramu 178 tu. Fedha imetoka, alfajiri umedamka upulize kabla ya upepo, na ubwiriunga bado unakausha maua! Kinachotakiwa ni 140 mara robo kilo, yaani kilo 35. Ukipuliza mizunguko minne ni kilo 140: mifuko mitano na kilo 15. Mfuko wa sita changieni na jirani, 15 zako, 10 zake.

Lakini si kila hesabu hupanda pamoja. Mashine moja ya kupulizia ikimaliza shamba kwa siku 6, mashine mbili za namna hiyo humaliza kwa siku 3. Ukipata siku 12, rudia.

Sasa mauzo. Kangomba unaijua: korosho hupimwa kwa bakuli, na bakuli huhesabiwa kilo moja. Imepigwa marufuku, ila shida ya nyumbani haingoji mnada. Pima mabakuli 10 ya namna hiyo kwenye mizani. Tuseme yametoa kilo 13. Bakuli moja basi ni kilo 1 na gramu 300. Aliyeuza mabakuli 50 ametoa kilo 65, akalipwa 50. Kilo 15 zimekwenda bure. Msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kilo hizo 15 zilikuwa shilingi 49,500. Na hapo hatujagusa bei, maana mwenye bakuli hulipa kidogo pia.

Kwa msimu wako, weka bei ya mnada wa chama chako cha msingi mahali pa 3,300, uzidishe tena kwa 15.