Sensa na Usakaji wa Nasaba: Mfano wa Mbooni

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, kuijua asili yenyewe si kazi nyepesi, hasa wazee wenye simulizi wanapozidi kuaga dunia. Makala haya yanafafanua mchango na mipaka ya sensa katika usakaji wa nasaba huko Mbooni, milima ambayo simulizi za Wakamba huitaja kuwa chimbuko la koo zilizotawanyika hadi Kitui, ng'ambo ya mto Athi.

Sensa ya kwanza ya watu wote nchini Kenya ilifanywa mwaka 1948. Zilifuata za 1962 na 1969, kisha kila baada ya miaka kumi hadi 2019. Tofauti na Uingereza, ambako madaftari ya sensa hufunguliwa baada ya miaka 100, sensa za Kenya hutolewa kwa umma kama jumla tu. Majina ya watu hulindwa na sheria. Humo mtafiti hupata idadi ya wakazi, wala si jina la babu yake.

Pengo hilo huzibwa na nyaraka nyingine: kumbukumbu za kodi ya vibanda, za vipande na za ubatizo. Kwa kuwa Mbooni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992, nyaraka za utawala za awali hutafutwa chini ya jina la Machakos.

Ugumu mwingine ni wa kiisimu. Kikamba kina irabu saba, ilhali makarani wengi waliandika tano. Isitoshe, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Hivyo Mutua humzaa Kioko, naye Kioko humzaa Mutua mwingine. Asiyeujua utaratibu huu huweza kumchukua mjukuu akadhani ni babu.

Hapa ndipo simulizi inapohitajika. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa baba yake huweza kusema alizaliwa wakati wa njaa ya Ng'omanisye, nayo ilitokea 1898 hadi 1899. Makarani wa sensa wenyewe wamekuwa wakikadiria umri kwa matukio ya aina hiyo.

Kwa kuhitimisha, simulizi na nyaraka hukamilishana. Lakini nyaraka zaweza kungoja rafuni; mzee hangoji. Yafaa aulizwe yeye kwanza.