Mafuta ya breki yakipungua, uliza yanaenda wapi

Msomaji, kabla ya kuendelea, chukua kitabu cha gari lako uangalie nambari ya chesisi. Utaihitaji.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu mwalimu aliyevunjika mfupa wa paja. Gari lake lilikosa breki katika mteremko wa Tambach, chini ya Iten, naye akaligongesha makusudi kwenye ukingo wa mlima asije akatumbukia bondeni. Aliniambia kwamba kwa wiki mbili pedali ilikuwa ikizama, na kila asubuhi aliongeza mafuta ya breki kisha akaenda zake kazini. Ni sawa na mgonjwa anayepoteza damu na kuomba tu aongezewe, bila kutaka kujua inavujia wapi. (Wagonjwa wa aina hiyo pia ninao.)

Mafuta ya breki hayatumiki kama petroli. Yakipungua, ama pedi za breki zimelika au kuna mahali panapovuja. Aghalabu chanzo ni uchakavu, lakini wakati mwingine dosari hutoka kiwandani. Mnamo Oktoba 2010 kampuni ya Toyota iliyaita magari yapatayo milioni 1.5 kote duniani. Katika mengi ya hayo, mpira ulio ndani ya silinda kuu ya breki ungeweza kukauka na kuvuja, hasa endapo mwenye gari alitia mafuta ya breki yasiyo na vilainishi vinavyofaa mpira huo. Februari mwaka uo huo, kampuni hiyo ilikuwa imeyaita magari zaidi ya 400,000, yakiwemo ya Prius, ili kurekebisha programu ya kompyuta inayoongoza breki.

Gari linapoitwa hivyo, kampuni humwandikia mwenye gari na kurekebisha kasoro bila malipo. Kwetu hapa ndipo mambo huharibika. Magari yetu mengi yametumika kwanza Japani, kwani sheria ya Kenya huruhusu yaliyo chini ya miaka minane tangu yasajiliwe kwa mara ya kwanza. Barua ikiandikwa humfikia yule aliyeliendesha kule, si wewe uliye Langas au Kapsoya.

Kwa hivyo itafute habari hiyo mwenyewe. Nambari ya chesisi ya gari la soko la Japani huwa fupi, yenye kistari katikati. Usishangae orodha za Marekani zikiikataa, maana huko hutumia nambari ya tarakimu na herufi 17. Tafuta katika orodha ya kampuni yenyewe ya Japani, au umpelekee wakala rasmi nambari hiyo umwulize mambo mawili: je, gari hili liliwahi kuitwa, na je, lilirekebishwa? Uliza gharama mapema, na udai jibu kwa maandishi. Muuzaji akikwambia "gari halina shida", hajakujibu.

Hata gari lisilo na dosari ya kiwandani linaweza kukosa breki kwenye mteremko mrefu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka yanapofikia nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, nyuzi 140 zaweza kutosha. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, basi unakanyaga pedali na gari halisikii. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili hivi, na uteremkapo kwenda Kerio tumia gia ndogo tangu juu, usikalie breki.

Pedali ikizama ghafla, ikanyage na kuiachilia upesi mara kadhaa, punguza gia moja baada ya nyingine, kisha uvute breki ya mkono polepole. Gari likishasimama, usiliendeshe hadi kwa fundi, hata akiwa karibu. Mwite aje, au ulivutishe.