Kutafuta Kazi Mbali na Vumbi: Mchimbaji Aliyetibiwa Kifua Kikuu

Mchimbaji mdogo wa Kalangalala, kata iliyo ndani ya mji wa Geita, anapomaliza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu, huambiwa mambo mawili: kwamba amepona, na kwamba asirudi kwenye vumbi. La kwanza ni habari njema. La pili, kwa mtu aliyelelewa na duara tangu ujana wake, ni sawa na kuachishwa kazi. Akitoka kliniki bila kujua pa kuanzia, njaa itamrudisha kule kule alikougulia.

Mwamba unaobeba dhahabu huwa na silika kwa wingi. Unapochorongwa au kusagwa ukiwa mkavu, hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hakuna dawa inayoyaondoa makovu hayo, na huweza kuongezeka hata baada ya mtu kuacha uchimbaji. Tena pafu lililojaa silika hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko pafu salama, hata kwa aliyekwisha kutibiwa. Kwa mgonjwa wa namna hii, kutafuta kazi nyingine ni sehemu ya matibabu yake.

Wengi huitafuta, lakini hapo hapo mgodini. Rafiki humwonea huruma mwenzake, akamtoa chini ya ardhi na kumweka juu, kwenye karasha. Huko anaonekana amepumzika, kwa kuwa hashuki tena wala habebi mizigo. Kumbe karasha linalosaga mawe makavu huweza kuwa na vumbi zito kuliko shimo lenyewe, na kitambaa kinachofungwa puani hakizuii chembe hizo. Kwenye mwalo wa kuoshea, vumbi hupungua kwa sababu ya maji, lakini zebaki inayotumika kukamata dhahabu, hasa mvuke wake inapochomwa, ina sumu yake. Kabla ya kukubali kazi, swali la kuuliza si kama ni nyepesi. Ni kama jiwe linasagwa karibu, na kama linasagwa likiwa kavu.

Kosa hili halitokani na uzembe. Linatokana na watu ambao mtafuta kazi anawafahamu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya mahojiano na watu waliokuwa wamebadili kazi katika mji wa Newton, jirani na Boston. Miongoni mwa waliopata kazi kwa kuelekezwa na mtu, takribani 17 katika kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. 56 walionana naye kwa nadra kiasi, na 28 kwa nadra sana. Waliohojiwa walikuwa watu wa taaluma na ofisi, mbali kabisa na maisha ya mgodini, lakini sababu aliyoitoa inaeleweka hata Geita: marafiki wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua. Wenzake wa duara watamtajia duara jingine. Anayejua kwamba ghala la nafaka linahitaji mtunza stoo, au kwamba mfanyabiashara wa dagaa wa Nkome anatafuta mtu wa kusimamia mizigo, ni yule wanayesalimiana naye tu: mwanakwaya mwenzake, jirani wa msikitini, mjumbe wa kikundi cha kuweka na kukopa, mama lishe anayehudumia madereva wa malori, mwalimu wa watoto wake.

Kwa watu hao, ombi lenyewe lina uzito. Anayesema “nitafutie kazi yoyote” husahauliwa kabla hajafika kona ya mtaa, kwa sababu msikilizaji hana picha ya kumkumbukia. Anayesema “nimetengeneza pampu za maji na jenereta kwa miaka sita, natafuta karakana” amempa mwenzake kitu cha kubeba. Na mchimbaji ana ujuzi mwingi asiouhesabu: kupima kwa mizani, kugawa mapato bila ugomvi, kulinda mali usiku, kufunga magogo yanayozuia shimo lisiporomoke. Namba ya simu isibadilike. Kitambulisho cha taifa kiwe tayari, pamoja na jina la mtu mmoja anayeheshimika aliyekubali kumdhamini.

Mhudumu wa afya naye ni mmoja wa wale watu wa mbali. Mgonjwa humwona kwa miezi 6, naye anafahamiana na mji mzima. Anaweza kumwandikia barua inayosema kazi anazoweza kuzifanya na mazingira ya kuepuka, bila kutaja ugonjwa. Jina la ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Aeleze pia, kwa anayeogopa kunyanyapaliwa, kwamba wagonjwa wengi wanaotumia dawa ipasavyo huacha kuambukiza muda mrefu kabla ya kumaliza dozi.

Kwa aliye na mwajiri rasmi njia ni nyingine, na asikimbilie kuacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Ugonjwa ukitokana na kazi, dai hupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mapema iwezekanavyo. Akijiuzulu kimya kimya, ushahidi wa alikougulia huwa mgumu kuupata baadaye.

Katika kutafuta, tahadhari moja inahitajika mno. Anayedai hela ya fomu, ya sare au ya “kupitisha jina” mgodini hana kazi ya kutoa. Maombi ya utumishi wa umma hupokelewa na Sekretarieti ya Ajira kwa njia ya mtandao bila malipo. Anayemtaka mwanamke mwili wake ili ampe kazi anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa namba 113, bila gharama.

Mazungumzo haya yasingoje kidonge cha mwisho. Yakianza mwezi wa pili, nguvu zinaporejea na kikohozi kimetulia, mgonjwa anabakiwa na miezi minne ya kupeleka salamu na kupokea majibu, huku kila anaporudi kuchukua dawa mhudumu akimuuliza, pamoja na uzito wake, amezungumza na nani wiki hiyo.