Kijana Aliyezima Mwezi

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama ufukoni mwa Mugango na kulitazama ziwa, aweza kudhani kuwa mji mkubwa umejengwa juu ya maji. Taa zaonekana mbali na karibu, nazo si taa za nyumba, bali ni za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri. Taa huwekwa juu ya vyelezo vidogo vya mbao zikaachwa zielee. Dagaa huufuata mwanga, kisha wavuvi huja polepole na nyavu zao. Lakini mwezi ukiwa mpevu kazi hii hulala, kwa maana mwanga wake huenea ziwa zima, wala dagaa hawana haja ya kukusanyika penye taa. Kila mtoto wa Mugango alijua jambo hili. Nalitaja mapema kwa kuwa kijana mmoja wa hapa alilisahau, na kusahau huko kulikuwa karibu kumpotezea mwaka mzima.

Kijana huyo nilimfundisha darasa la sita na la saba. Baada ya sekondari alikwenda Dar es Salaam kujifunza kazi ya kutengeneza katuni kwa kompyuta, yaani zile picha zinazotembea mnazoziona katika televisheni. Kompyuta ifaayo kwa kazi hiyo ina bei kubwa. Mjomba wake, ambaye ni mvuvi, alikuwa ameweka akiba ili anunue nyavu mpya. Akaitoa yote, na msimu ule wote akavua kwa nyavu zenye viraka. Basi kijana aliporudi likizo akiwa na picha ya mtihani wake, halikuwa jambo la mchezo nyumbani mwao. Asipofaulu, ingempasa kurudia mwaka na kulipa ada mara ya pili, na nyavu za kuuza hazikuwapo tena.

Sasa yafaa mjue kazi yenyewe ilivyo. Picha inayotembea kwa kweli haitembei. Ni picha nyingi zilizotulia, zenye kupishana kidogo kidogo, nazo hupitishwa mbele ya macho upesi sana. Katika sinema ni picha 24 kwa kila sekunde moja. Sinema ya dakika 90 yahitaji picha 129,600. Zidisheni wenyewe mwone. Picha ya mtihani wa kijana wetu ilikuwa ya sekunde 5 tu, nayo ilikuwa na picha 120.

Fundi wa kompyuta hafanyi kama mchoraji wa karatasi. Kwanza hufinyanga sanamu ndani ya kompyuta: mtumbwi, watu, nyavu, maji. Sanamu hizo zikiisha kufinyangwa, bado hazionekani, kwa sababu ndani ya kompyuta mna giza tupu. Hamna jua wala kibatari. Fundi hana budi kuweka taa kwa mkono wake na kuiambia kompyuta: taa iko hapa, nguvu yake ni hii, rangi yake ni hii. Ndipo kompyuta hufanya hesabu ili kujua kila mahali papate mwanga kiasi gani.

Hesabu hizo zina asili ya kale. Mtaalamu mmoja aitwaye Johann Heinrich Lambert aliandika katika mwaka 1760 kwamba kitu kilichoelekea taa sawasawa hupata mwanga mwingi, na kilichoinama hupata kidogo. Hamkuona jambo hili bado? Tazameni jua. Adhuhuri mwanga wake hushuka wima na kuunguza. Jioni mwanga ule ule huja kwa mshazari, ukatandaa juu ya ardhi kubwa zaidi, kwa hiyo kila mahali hupata haba. Tena umbali una kanuni yake. Mtu akisimama mita 2 kutoka kwenye taa, hapati nusu ya mwanga alioupata kwenye mita 1, bali robo yake. Na kwenye mita 3 hupata sehemu moja ya tisa. Ndiyo sababu uso wa mvuvi aliyeinamia taa hung'aa, na mwenzake wa nyuma mtumbwini huwa kama kivuli.

Mafundi wengi huanza kwa taa tatu. Ya kwanza ni taa kuu. Ya pili ni hafifu, nayo hulainisha weusi upande wa pili. Ya tatu huwekwa nyuma ya mtu, ikapiga mabega na nywele zake na kuzizungushia uzi mwembamba wa mwanga, ili mtu asizame katika giza lililo nyuma yake. Kijana wetu alifanya vivyo hivyo. Taa kuu ilikuwa taa ya chelezo, iliyo chini karibu na maji. Na kwa ile ya tatu, alipotafuta mwanga utakaotoka nyuma ya wavuvi, aliweka mwezi mzuri, mkubwa, wa mviringo.

Nisiwapotoshe kwa kudhani kuwa kila picha yapaswa kuwa na kivuli. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyezaliwa Tunduru na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya mbao, na michoro ya namna yake mara nyingi haina taa wala kivuli, nayo yapendeza. Katuni zilizofuata mtindo wake, ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilitengenezwa Nairobi zikaanza kuonyeshwa mwaka 2010. Lakini fundi akiisha kuchagua kutia taa, hana ruhusa ya kuitia ovyo.

Baada ya taa huja kazi ya pili, nayo ndiyo iliyomwokoa kijana wetu. Mafundi hawatengenezi picha yote kwa pamoja. Hutengeneza tabaka: tabaka ya maji na mtumbwi, tabaka ya watu, tabaka ya ukungu, kisha huzipandanisha moja juu ya nyingine kama mtu apangaye vioo vilivyochorwa. Mkishika vioo vitatu pamoja na kuvitazama, mtaona picha moja.

Je, kompyuta yajuaje pa kuziba na pa kuacha wazi? Picha ya kompyuta ni nukta nyingi sana. Picha yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu ina nukta 2,073,600. Kila nukta ina tarakimu za rangi, nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0, yaani giza, hata 255. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Edwin Catmull na Alvy Ray Smith, walifikiri kuipa kila nukta tarakimu ya nne, wakaiita alfa. Alfa ikiwa 1, nukta yaziba kabisa. Ikiwa 0, ni wazi kama hewa. Ikiwa robo, yaziba robo. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaandika kanuni za hesabu yake. Haizidi akili zenu. Tuseme ukungu una tarakimu 200, na maji yaliyo nyuma yake yana 40, na alfa ya ukungu ni robo. Chukueni robo ya 200, ni 50. Chukueni robo tatu za 40, ni 30. Jumla ni 80, na hiyo ndiyo rangi iliyoonekana.

Tena taa zenyewe zaweza kutengwa. Mtumbwi huchorwa na kompyuta ukiwa na taa ya chelezo peke yake, kisha huchorwa tena ukiwa na mwanga wa mwezi peke yake, na picha mbili hizo hujumlishwa. Maana mwanga juu ya mwanga ni kujumlisha. Mwalimu wa chuoni aliwaamuru wanafunzi wote wafanye hivyo. Kijana wetu alinung'unika akisema ni kazi bure, lakini alitii.

Basi jioni moja alimsalimu mjomba wake, akamwekea kompyuta juu ya meza. Mzee akatazama zile sekunde 5, akaomba azione tena, na tena.

"Mwanangu," akasema, "hawa ni watu wa wapi?"

"Ni wavuvi wa dagaa, mjomba. Wa hapa hapa kwetu."

"Na kile kilicho juu ni nini?"

"Ni mwezi."

"Hawa si wa hapa. Watu wa hapa usiku kama huo wamelala. Hawa wamekwenda kutembea na taa zao."

Mimi nilikuwapo, nikacheka. Kisha nikaona haya, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuitazama picha ile mara tatu na kuisifu.

Kijana hakucheka hata kidogo. Zilikuwa zimebaki siku 8. Kompyuta yake ilitumia dakika 20 kuchora picha moja yenye tabaka zote, na kwa picha 120 hizo ni saa 40, ikiwa umeme haukatiki. Wala si yeye peke yake apataye taabu hii. Toy Story ya mwaka 1995, sinema ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, ilikuwa na picha zaidi ya 110,000, nazo zilichorwa na kompyuta zaidi ya 100 zikifanya kazi usiku na mchana.

Lakini mwanga wa mwezi ulikuwa tabaka yake mwenyewe. Alibonyeza mara moja, mwezi ukazimika, na vyote vingine vikabaki vilivyo. Ndipo likatokea jambo la pili: wale wavuvi wakapotea. Nyuso zilionekana kwa taa ya chini, ila migongo na mabega vilikuwa vyeusi mbele ya weusi, kama makaa juu ya makaa.

"Ndivyo kulivyo?" akauliza.

Mjomba akafikiri. "Sivyo. Mabega ya mwenzangu nayaona sikuzote. Lakini umewaweka peke yao. Wenzao wako wapi? Ni nani aendaye kuvua dagaa peke yake?"

Hapo kijana aliruka kutoka kitini. Nyuma ya wavuvi, mbali kidogo, aliweka taa sita za vyombo vya jirani, ndogo, za weupe wa betri. Mwanga wao ukapiga mabega ya watu, na kila taa ikatupa juu ya maji utepe mrefu wenye kukatika-katika, ukielekea kwa mtazamaji, kama tuonavyo kila usiku. Kompyuta ilihitaji kuchora tabaka hiyo mpya tu, dakika 4 kwa kila picha. Hizo ni saa 8, usiku mmoja.

Programu aliyoitumia yaitwa Blender, iliyoanzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal, na tangu mwaka 2002 ni ruhusa kwa mtu ye yote kuitumia bila malipo. Msidhani ya bure ni dhaifu. Kwa programu hiyo hiyo ilitengenezwa Flow, sinema ya paka aliyekimbia gharika ndani ya chombo, kazi ya watu wachache wa nchi ndogo ya Latvia na wenzao, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Na Afrika Mashariki kazi imeanza. Dar es Salaam kuna Ubongo, waliowafundisha watoto hesabu kwa katuni tangu mwaka 2014. Katika filamu fupi 10 za Kizazi Moto, zilizotoka mwaka 2023, moja ni ya Raymond Malinga wa Uganda, juu ya wachungaji wa ng'ombe, na nyingine ni ya Ng'endo Mukii wa Kenya.

Asubuhi tabaka ilipokwisha, mjomba alirudi kutoka ziwani akiwa bado na magamba mikononi, akaitazama picha kabla ya kunywa chai. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akainama, akaelekeza kidole kwenye taa ya chelezo.

"Wadudu hawapo," akasema. "Taa ya ziwani isiyo na wadudu?"

Zilikuwa zimebaki siku 7. Kijana akafungua tabaka nyingine.