Askari Afunzwe Kiswahili, Ajibiwe kwa Kiingereza?

Sisi wanaisimu tunapoeleza jinsi Kiswahili kilivyoenea bara, hutaja misafara ya biashara, wamishonari na reli. Aghalabu tunalisahau jeshi. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka wa 1902, kiliwakusanya vijana wa makabila mengi ambao hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili. Kijana aliyetoka Meru au Embu akijua lugha ya mama pekee alirejea kutoka vita vya Burma akizungumza na Mkamba, Mjaluo na Mnyamwezi bila mkalimani. Hata baada ya uhuru, Kiswahili kiliendelea kuwaunganisha askari wa vyeo vya chini kambini.

Ni ajabu basi kwamba askari huyo anapovua magwanda na kudai haki yake, anajibiwa kwa lugha nyingine. Nikiwa soko la Gakoromone, mjini Meru, mzee mmoja mstaafu aliwahi kuniomba nimsomee barua kuhusu malipo yake ya uzeeni. Zilikuwa kurasa mbili za Kiingereza kizito. Kiini chake kilikuwa sentensi moja tu: alete hati fulani kabla ya tarehe iliyotajwa. Tarehe yenyewe ilikuwa imepita. Mzee alinitazama, akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwalimu, mbona hawakuniambia hivyo tu?"

Swali hilo si dogo. Katika mambo ya sheria, muda ni mali. Chini ya Sheria ya Kenya inayoweka kikomo cha muda wa kuzishtaki mamlaka za umma, Sura ya 39, anayedai fidia kwa madhara aliyotendewa na Serikali ana miezi 12 pekee ya kufungua kesi. Dai linalotokana na mkataba lina miaka 3. Askari aliyeumia kazini, au mjane anayedai kiinua mgongo cha marehemu mumewe, anaweza kuumaliza muda huo akitafuta mtu wa kumfafanulia barua aliyoandikiwa.

Hapana shaka kwamba ahadi za msaada wa kisheria zipo. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba kila mtu anaifikia haki. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa wakili wa kulipiwa na Serikali, iwapo bila wakili huyo dhuluma kubwa ingetokea, na mkalimani asiye na malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda taasisi ya kitaifa ya kuwahudumia wasio na uwezo, na ikawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Mwaka wa 2022 wanajeshi wastaafu nao walipata sheria yao mahususi.

Hata hivyo, sheria hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba yenyewe, inayokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, inasema katika Kifungu cha 259 kwamba nakala za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Mahakama za chini zinaruhusiwa na sheria kutumia Kiswahili, lakini lugha ya Mahakama Kuu imewekwa kuwa Kiingereza. Na huko Mahakama Kuu ndiko askari aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi hupeleka rufani yake.

Kwamba msaada wa kisheria huleta tofauti, hilo tumelishuhudia. Wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa jeshi la serikali, lakini walipigana, na wengi wao walitoka Meru na Embu. Mwaka wa 2009 wazee wachache waliishtaki Serikali ya Uingereza jijini London, wakisaidiwa na mawakili wa huko pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya. Masimulizi ya wazee yaligeuzwa kuwa ushahidi wa Kiingereza. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228. Wadai wengine zaidi ya 40,000 walifuata kwa kesi nyingine. Novemba 2018 jaji alikataa madai yao yaendelee, kwa kuwa miaka mingi mno ilikuwa imepita. Waliotangulia walipata, waliochelewa waliambulia patupu.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Tanzania ilibadilisha sheria zake mwaka wa 2021, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Rufani, hati ya kiapo, mlalamikaji, mrithi: hayo si maneno ya kubuni leo. Tunachokosa ni nia ya kuyatumia.

Nawageukia walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu. Wanafunzi wa sheria hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili, lakini wanaweza, chini ya uangalizi wa wakili, kupanga hati na kuhesabu siku zilizosalia. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuzifasiri barua na fomu. Wakiketi pamoja siku ya soko mahali kama Gakoromone, mstaafu aliyeleta ndizi hatahitaji nauli ya Nairobi ili aelezwe barua yake. Walimu wa isimu nasi tuache kuwapa wanafunzi tafsiri za mashairi pekee; tuwape pia fomu ya malipo ya uzeeni.

Serikali nayo ina wajibu ulio mwepesi zaidi. Kila barua inayomwekea mstaafu au mjane wake siku ya mwisho iandikwe pia kwa Kiswahili, na siku hiyo itajwe katika mstari wa kwanza. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mpeni basi kwa lugha mliyompa amri nayo.